Msumeno Haurudi Dukani

Mtongwe, Likoni
Jumanne, baada ya alasiri

Kaka yangu Hashim,

Shikamoo. Asalaam aleikum wewe, wifi Jalila na watoto wote huko Voi. Natumai kifua chako kimepoa na vumbi la huko halijazidi. Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mama anakula, anasali, anagombana na kuku; ukisikia hivyo ujue ni mzima.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Juzi ulifoka, ukakata. Ulisema umesikia kwa watu kwamba nimenunua msumeno wa mashine, kwamba mwanamke wa mguu mmoja na nusu hashiki kitu kama hicho, na kwamba kufikia Ijumaa niwe nimeurudisha. Leo nakujibu, na naomba usome hadi mwisho.

Ule mtungi wa gesi uliotuletea uko pembeni mwa jiko, umefunikwa kitambaa. Mama hautaki. Anasema mkate wa kumimina hauivi juu bila makaa. Tangu Thoya, aliyekuwa akitupasulia kuni, ahamie kwa bintiye kule Kaloleni, tumekuwa tukiungaunga. Mwezi wa tano mvua ikauangusha mkorosho wa uani. Asubuhi moja nikamkuta Mama, na miaka yake sabini na minne, amepanda juu ya gogo na shoka mkononi, leso amejifunga kibwebwe, kidole gumba kinatoka damu. Akaniomba nisikwambie. Siku hiyo hiyo nikaenda madukani Likoni.

Muuzaji, bwana mmoja wa bara aitwaye Phineas, alimuuliza Kadzo, jirani aliyenisindikiza, mumewe anataka msumeno wa namna gani. Kadzo akanionyesha mimi kwa kidole. Phineas akautazama mguu, akalitazama gongo langu la kutembelea, akasema, "Mama, hii si mashine ya kusaga nyanya."

Nikamjibu, "Na mimi si nyanya. Teremsha."

Alinitolea kwanza mkubwa, wa kukatia miti ya msitu. Niliuinua, nikaurudisha. Wa pili ulikuwa wa umeme, mwepesi, lakini waya wake usingefika uani, na umeme wetu unaujua ulivyo. Wa tatu ulikuwa mdogo, wa petroli, bamba lake la kuzungukia mnyororo inchi kumi na nne. Nilimtaka auwashe na kuuzima mara tano. Nikataka nione breki inayousimamisha mnyororo mashine ikiruka. Kisha nikaushika mwenyewe, nimeegemea kaunta, bila gongo, nikahesabu hadi mia mbili. Mkono haukutetemeka. Wasahau, kaka, kwamba miaka kumi na mmoja nilikata shaba kwa mashine kwenye karakana ya Bombolulu, na vidole vyangu vyote kumi ninavyo. Phineas mwenyewe aliishia kunifundisha kuunoa na kuchanganya oili na petroli, akiniita fundi.

Uani nimechimbia nguzo mbili za kulazia magogo, urefu wa kiuno, na moja ya kuegemea. Navaa viatu vigumu, miwani na suruali nzito. Dera naliacha ndani. Mkorosho wote nimeumaliza, kuni zimepangwa ukutani, na majirani wameanza kuniletea magogo yao.

Sasa nifike pale panaponiuma. Najua hasira yako si ya msumeno. Kila unapoliona gongo langu unaiona ile Jumamosi: wewe una miaka kumi na mitatu unapasua kuni, mimi saba nimechutama karibu, shoka linachomoka kwenye mpini na kunivunja muundi. Baba alikuchapa hadi fimbo ikakatika, akisema hukulikaza.

Ulilikaza, kaka. Ile kabari iliyoubana mpini niliichomoa mimi asubuhi ile, nimfanyie mwanasesere wangu mto. Niliona shoka linacheza, nikanyamaza. Ulipochapwa nikanyamaza. Umekua, umeoa, umenihudumia miaka thelathini na mmoja kama mtu anayetubu, na bado nimenyamaza. Wallahi, kosa lile halikuwa lako. Nisamehe, na kama itakuchukua muda, nitasubiri.

Lakini hata ukininunia mwaka mzima, msumeno haurudi. Mguu niliuharibu mwenyewe kwa akili za kitoto. Mikono hii naijua kwa akili za mtu mzima. Usinifungie mlango kwa jambo ambalo hukulitenda.

Mama hajayajua haya. Nitamwambia Ijumaa, kwa mdomo wangu. Msalimie sana wifi Jalila, na watoto wabusu mmoja mmoja. Barua hii anakuletea Nasreen, anayekuja huko Voi wiki hii. Mpe jibu arudi nalo, liwe la hasira au la heri. Na ukija mwenyewe, mlango uko wazi, inshallah. Ila mashine ikiwaka, uani huingii na ndara miguuni.

Nduguyo akupendaye,
Mwanatabu