Mkono wa Daudi na Miguu Yake

Gaithersburg, Maryland
Alhamisi

Mpendwa Dada Tumaini,

Shikamoo. Kwa heshima na taadhima naitangazia familia yote, majirani wa pande zote mbili za mto, pamoja na uongozi wa kwaya, kwamba mimi Elia, kitinda mimba wa marehemu mama, nimestaafu rasmi kuangalia mpira wa Wamarekani. Hakutakuwa na sherehe. Televisheni imeshaarifiwa.

Sasa nikuulize hali. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi mtoto wa mchungaji ilikufikia, au amejipaka yeye? Na shemeji kikohozi kimemwachia? Mimi mwili ni mzima. Ulisema kwenye simu kwamba sauti yangu imepungua, ukadhani ni baridi. Si baridi, dada. Huku sasa ni joto, watu wazima wanatembea na kaptula. Ni jambo jingine, na kwa simu nilishindwa kulisema.

Unamkumbuka Mama Daudi, yule nesi Mkenya wa Eldoret. Nilipofika nchi hii nilikaa kwake miezi minane, chumba cha chini ya nyumba, na hakuwahi kuniuliza nitaondoka lini. Yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kumvunja yeye wala mgongo wangu, na yeye ndiye aliyenitafutia kazi ya kumtunza Mzee Harlan kule Rockville. Mzee huyu enzi zake timu kubwa zilimtuma kutazama vijana wa vyuo, aseme nani anafaa kulipwa kwa kucheza na nani arudi darasani. Sasa macho yake yamebakiza mwanga na vivuli tu. Kwa hiyo kila Jumamosi macho nilikuwa mimi. Naketi karibu na televisheni, yeye kwenye kiti chake, namsimulia.

Mchezo wenyewe wanauita mpira wa miguu ingawa wanaubeba mikononi, nilishaacha kuwauliza. Mkubwa wao uwanjani ni mrushaji. Anakabidhiwa mpira, anapata sekunde mbili tatu za kuamua amrushie mwenzake yupi, huku majitu ya upande wa pili yanakuja kumlaza chini. Sikusomea mambo haya, lakini misimu minne ya kumsimulia mzee mwenye maswali ni shule tosha. "Miguu yake iko wapi?" ananiuliza. "Anatazama wapi?" Na miguu ndiyo kazi yangu, dada. Mtu anayetaka kuanguka bafuni, miguu yake inasema kabla yeye mwenyewe hajajua.

Sasa Daudi, mtoto wa kwanza wa huyo mama, ni mrushaji wa chuo, na mwaka huu ilikuwa zamu yake kusubiri timu kubwa zichague vijana. Mama yake alinivuta pembeni baada ya ibada. Alitaka nimtazame mwanawe vizuri, kisha nimtie mzee neno zuri sikioni, kwa sababu kuna bwana wa timu kubwa anayempigia mzee kila Alhamisi kuzungumza habari za wachezaji. Nikamtazama michezo minane. Halafu nikamwambia mama yake, "Kijana ana mkono." Na kweli anao. Anaweza kusimama mlangoni kwako akaurusha mpira hadi kisimani, ukatua kifuani kwa mtu.

Yaliyobaki nilimpa mzee. Nilimwambia kwamba Daudi akiwa na nafasi ni mfalme, lakini wakishaanza kumsogelea, kisigino cha kushoto kinanyanyuka, uzito unakwenda nyuma, na macho yanawaacha wenzake yanawageukia wanaomjia. Nilisema anakuwa kama mtu anayemtafuta ndugu yake sokoni huku macho yote yako kwa wezi. Pale chuoni anaponea, maana wenzake wana mbio kuliko wapinzani. Huko juu hataponea. Atakuwa wa akiba, akibahatika. Nikamwomba mzee hayo yasitoke mle chumbani. Akanishika mkono, akasema ametunza siri tangu kabla sijazaliwa.

Alhamisi iliyofuata nilikuwa nakunja mashuka, simu ikalia. Namsikia mzee anamweleza yule bwana kisigino, kisha uzito, kisha macho. Hata soko akalipeleka, dada, na wezi wake, mtu ambaye nina hakika hajawahi kununua nyanya chini ya turubai. "Nimemtazama kwa macho yangu mwenyewe," akasema. Nikaendelea kukunja mashuka. Nilijisemea kwamba ni mzee, anajifurahisha.

Uchaguzi ulichukua siku tatu. Tulikaa kwa Mama Daudi na pilau na kuku wa kukaanga, simu ya Daudi imewekwa katikati ya meza, hakuna anayethubutu kusogeza sahani karibu nayo. Siku ya tatu ililia mara moja. Ilikuwa duka la dawa.

Wiki mbili baadaye, Jumapili mchana, Mama Daudi akaja Rockville na chapati kwenye hotipoti. Alitaka kumuuliza mzee ana kwa ana kilichompungukia mwanawe, ili kijana ajue pa kurekebisha. Daudi alibaki garini. Mzee hakujizungusha hata kidogo. Alinyoosha kidole upande nilipokuwa nimesimama.

"Muulize Elia," akasema. "Yeye ndiye aliyemtazama. Mimi sioni hata kijiko changu."

Halafu akamrudishia yote, kisigino mpaka soko, na mara hii kila neno lilikuwa langu. Akamwambia pia kwamba yule bwana wa simu alishapewa taarifa.

Mama Daudi aliweka hotipoti mezani taratibu. Akaniuliza kwa Kiswahili, mzee asielewe, "Elia, kwani mimi nilikukosea nini?"

Nikasema hakunikosea.

"Mkono ukanipa mimi, miguu ukampelekea mzungu," akasema. "Si ungeniambia mimi kwanza? Mimi ndiye nimemzaa nayo hiyo miguu."

Kanisani sasa anakaa upande wa pili. Nikimpigia hapokei.

Mzee naye nimemkasirikia kwa namna ambayo sikujua ninayo. Kwa mkubwa mwenzake macho yalikuwa yake, kwa mama wa kijana yakawa yangu. Namwogesha kama kawaida, nampikia uji wake, namkata kucha. Jumamosi namfungulia redio. Aliniuliza kwa nini, nikamwambia televisheni inaniumiza kichwa.

Dada, wewe uliwahi kuzungumza na Mama Daudi kwa simu ulipolazwa, akakueleza dawa zako moja moja. Mpigie. Usinitetee. Mwambie tu kwamba nilimwogopa yeye kuliko nilivyomwogopa mzee, ndiyo maana nilimpa nusu.

Nisalimie shemeji, na shangazi wa kule juu anayesema nimenenepa kila akiona picha. Wapwa zangu waambie nimepokea barua yao na makosa yake yote. Mwalimu wa kwaya mpe pole ya mguu. Babu mdogo mwamkie, na umwambie kofia nitamtumia.

Nilikuwa nifunge bahasha, lakini sasa hivi simu ya mzee imelia naye yuko bafuni, nikaipokea. Ni yule bwana wa Alhamisi. Nimemuuliza kwa adabu yale maneno kuhusu Daudi aliyapeleka timu gani. Akaniomba nisimwambie mzee. Mambo ya mpira aliyaacha miaka sita iliyopita. Siku hizi anauza mazulia mjini Fairfax.

Mdogo wako,
Elia