Mashine Yenye Nguvu

Handeni

Kaka yangu mpendwa Habakuki,

Shikamoo. Natumaini wewe, wifi Loveness na watoto hamjambo huko Mwanza. Sisi tunaendelea, mvua zimechelewa, ila mihogo inajitahidi. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Nyumba ya baba unaijua, ukinong'ona chumbani unasikika uani, na haya sitaki ayasikie.

Umeuliza nimeamua uninunulie laptop ipi huko Mwanza kati ya zile mbili. Nilizijaribu zote dukani kwa rafiki yangu Shadya, pale Korogwe. Ile nyembamba ni nzuri, sikatai. Inaingia kwenye mkoba kama daftari na chaji inakaa kutwa. Ila nilipofungua mchoro wa nyumba ya ghorofa, ilipata moto, ikagoma. Ile ya kawaida inachosha bega na chaji yake haifiki mbali, lakini mchoro uleule iliuzungusha bila kusita. Wewe ulishikilia nyembamba, kwa kuwa kazi uliyonitafutia ni ya kuzunguka mikoani kukagua majengo. Hukukosea, na moyoni nilikwisha kukubali.

Jumamosi nikaja kumuaga baba. Nikamwambia napata mashine, sijui nichukue nyembamba nyepesi au nzito yenye nguvu. Huko mjini nimezoea kuita hivyo, nikasahau kwamba hapa kwetu mashine ni ya kusaga. Asubuhi nikamkuta ameanza kuhamisha magunia ya mahindi kutoka stoo, amechora kwa mkaa sakafuni mahali pa kuifunga, na mama Angel jirani ameshaambiwa hatahangaika tena na kusaga mbali. Nilicheka sana, kaka, mpaka nilipoona jinsi alivyoegemea ukuta akihema.

Nikamweleza taratibu kwamba ni kompyuta ya kuchorea nyumba. Aliitazama ile alama ya mkaa. Kisha akasema, "Hata kama ni ya kuchorea, chukua nzito. Nyepesi ni ya mtu wa kuondoka."

Unamjua baba. Tangu mama afariki hajatuomba hata chumvi. Siku hiyo aliomba, nami sikujua pa kutazama.

Ile pumzi yake haikunipa amani, kwa hiyo Jumatatu nikamburuta hospitali, akilalamika njia nzima kwamba ni vumbi la magunia tu. Daktari aliniita pembeni. Kaka, ini la baba limeharibika, na dawa zilizobaki ni za kumpunguzia maumivu. Yeye mwenyewe alikuwa anajua tangu mwaka jana. Aliniapisha nisikwambie, eti utaacha kazi na watoto wako wanasoma. Niliapa, na leo navunja kiapo, maana ukija kuyasikia msibani hutanisamehe, na mimi pia sitajisamehe.

Basi nachukua ile nzito. Nitaweka meza stoo na kuchora hapo hapo, wateja wangu wa Korogwe wamekubali. Hao wa kazi niombee radhi. Naogopa, sikufichi, lakini siondoki.

Laptop usiitume kwa basi. Ilete mwenyewe, baba angali na nguvu ya kutoka uani kukupokea.

Msalimie wifi, wabusu watoto. Salamu za baba hazimo humu, kwa sababu hajui kama ninaandika. Njoo uzichukue.

Mdogo wako,
Fausta