Benchi la Mlangoni

Tarehe 9 Februari

Shikamoo Baba,

Nyonga inaendeleaje? Kaka ananiambia unazunguka sebuleni na fimbo kama mkaguzi wa shule. Mimi mzima, ila situlii. Naandika kwa sababu kwenye simu husikii, na habari za kanisa sitaki kuzipigia kelele.

Hii ni wiki ya tatu tangu niletwe kuwa mchungaji hapa, ulipotumikia kama mzee wa kanisa miaka ishirini na minane. Jumapili tulikuwa watu thelathini na mmoja, mimi na mpiga kengele tukiwemo. Nimewaruhusu vijana walete gitaa. Nyimbo ni zilezile za kitabuni, beti zote, kwa hiyo usinune.

Ila lile benchi la mlangoni, mlilokuwa mnawakalisha waliotengwa, naliondoa. Nimefungua daftari la nidhamu. Majina arobaini na sita kwa mwandiko wako, na waliorudishwa kundini ni tisa tu. Kabla ya kutafuta wageni, nataka niwatafute hao.

Binti yako

Tarehe 20 Februari

Mwanangu Mchungaji,

Marahaba. Nyonga haijambo, mwenye nyonga ndiye mwenye hasira.

Gitaa halina dhambi, tutamwangalia mpigaji. Benchi usiliguse. Wazee waliotutangulia hawakumfukuza mtu. Mzee wa kanisa aliyeandika jina la mkosaji aliketi naye pale mlangoni kila Jumapili, mpaka siku ya kumrudisha. Aibu waligawana. Ukiliondoa, kila mtu atakaa na kosa lake nyumbani peke yake, nanyi mtaita huo uamsho. Mwacha asili ni mtumwa.

Kula vizuri. Ukiwa na haraka huwa unasahau kula.

Baba yako

Tarehe 27 Februari

Shikamoo Baba,

Nimekula. Habari za mzee kuketi na mkosaji sikuzijua, utotoni nilidhani unalinda mlango tu, na nimeona haya. Kwenye baraza la wazee wote ni wapya, hakuna aliyekumbuka isipokuwa mpiga kengele. Akaniambia, "Baba yako alikuwa anakaa nao kweli. Mmoja tu ndiye ambaye hakukaa naye."

Nikalirudia daftari. Mara ya kwanza nilihesabu majina tu, sikuyasoma. Ukurasa wa kumi na saba yumo shangazi, dada yako wa tumbo moja, kwa kuishi na fundi saa bila ndoa ya kanisani. Nilikuwa na miaka tisa. Mlituambia tusipite mtaa wake, tukatii. Baadaye nikaenda shule ya bweni nikamsahau, na hilo ni kosa langu mwenyewe.

Benchi nimeliacha. Lakini niambie, kwa nini yeye hukukaa naye?

Binti yako

Tarehe 19 Machi

Shikamoo Baba,

Kaka anasema barua uliipata, ukaisoma mara mbili, ukaiweka ndani ya Biblia. Basi angalau iko mahali pazuri. Mimi nimeshindwa kungoja.

Nimekwenda kwa shangazi. Anashona sare za shule, nyumba nzima ni sketi za bluu. Alitazama joho langu, akasema, "Linaburuta, simama hapo," akaanza kulikunja upindo na pini mdomoni. Nikamwomba arudi kanisani. Akazitoa pini kwanza.

"Jumapili nne nilikaa pale mlangoni peke yangu," akasema. "Kaka yangu alikuwa mbele. Hakugeuka hata mara moja. Ya tano sikwenda."

Njoo Baba, tafadhali. Hili siwezi kulimaliza kwa niaba yako.

Binti yako

Tarehe 29 Machi

Mwanangu,

Natumaini hujambo. Mimi nyonga imekasirishwa na basi. Kaka yako alinileta jana, na barua hii naiandika kwenye meza ya shangazi yako, katikati ya sketi. Ataileta mwanamke anayekuja kuchukua sare.

Uliniuliza kwa nini. Niliogopa watu waseme mzee wa kanisa anambeba dada yake. Nikampa adhabu ambayo wazee hawakuiweka, nikaiita desturi. Nilikuwa nalinda jina langu. Miaka kumi na tisa nimejua hivyo.

Alinipa chai kabla ya kusema neno. Kisha akasema kwa saa nzima, na kwa sikio langu hili alilazimika kusema kwa sauti, nadhani majirani wote wamefaidi. Fundi saa alizikwa bila kengele yetu. Hilo nililijua nikanyamaza.

Nimemwomba twende wote Jumapili, niketi naye mlangoni. Amekataa. Anasema kanisa likimtaka, linajua anapokaa. Simlaumu.

Kwa hiyo Jumapili usinitafute. Kengele ikilia nitakuwa nimekaa naye hapa, kama ilivyonipasa tangu mwanzo, na Jumapili itakayofuata, mpaka yeye aseme basi. Jina langu liandike daftarini, chini ya lake.

Wewe ongoza ibada, usiikatishe. Ukimaliza, njoo. Shangazi yako anasema kiti cha tatu kipo, ila kimejaa sare, uzitoe mwenyewe.

Baba yako