Kengele Iliyolia Peke Yake

Nyumbani kwa kaka yako,
Nyumba ya pembeni, nyuma ya kiwanda cha sabuni.
Jumapili, tarehe 9 Juni

Mpendwa Baba Mdogo,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa, mguu juu ya kigoda kama daktari alivyoagiza, si umesimama mlangoni ukijifanya umepona. Mama Mdogo alinidokeza kwamba plasta imetolewa na sasa unakanyaga kwa fimbo. Tulifurahi sana. Usingizi unapata? Na kile kikohozi cha asubuhi, kimekuachia?

Sisi huku mwili hauna neno. Moyo ndio bado unajikongoja. Kitindamimba amerudi kukaa nasi mpaka ajifungue, na tumbo sasa linamtangulia kila anakokwenda. Mimi kazini naenda, narudi. Mama anashona.

Baba Mdogo, haya ninayokuandikia yalinishinda kuyasema kwenye simu. Siku ya msiba ulipopiga, Mama ndiye aliyepokea, na ukamuuliza, "Na wewe shemeji, ulikuwa wapi?" Najua ulikuwa na uchungu. Ulikuwa umelazwa, mguu umening'inizwa, na kaka yako anazikwa bila wewe. Hapa hakuna aliyekulaumu. Lakini Mama aliiweka simu mezani, na tangu siku hiyo ukipiga ananipa mimi niipokee. Kwa hiyo nimeona nikueleze ilivyokuwa.

Unakijua chumba cha kazi cha Baba, kile cha nyuma, mwisho wa korido. Alikuwa akifunga mlango anapofanya kazi ili vumbi la sponji lisiingie ndani. Mama alimkoromea kwa vumbi hilo tangu sisi hatujazaliwa, naye akatii, ingawa alinung'unika kwamba amefungiwa kama kuku anayeatamia. Na tabia yake ya mchana unaijua. Akishakula, hujilaza kwenye kochi lolote analolitengeneza. Alisema hawezi kumrudishia mteja kochi ambalo fundi mwenyewe hajalilalia.

Siku ile mvua ilinyesha tangu asubuhi. Mama alikuwa chumba cha mbele kwenye cherehani yake, na sare za shule zimemjaa mpaka magotini. Kitindamimba alikuwa kwake bado, mimi kazini. Baba alikula, akasifu mboga, akaenda nyuma, akafunga mlango.

Mzimamoto aliyekuja kukagua alituonyesha moto ulikoanzia. Ni ule waya mrefu wa umeme uliopita chini ya rundo la sponji. Ulipata joto taratibu, sponji ikaanza kufuka. Alisema moshi wa sponji hauna huruma, mtu akivuta mara chache tu nguvu zinamwishia. Moto wenyewe ulikuwa mdogo, hata ukuta mmoja haukuungua wote. Moshi ndio uliomchukua.

Nataka ujue kwamba Baba hakuwa mzembe. Kengele ya moshi ilikuwepo. Aliifunga mwenyewe darini, tangu fundi mwenzake alipounguliwa na karakana, na kila alipobadilisha betri alitutangazia kama mtu aliyenunua gari. Na kengele ililia. Tunajua ililia kwa sababu Baba hakukutwa kwenye kochi. Alikutwa chini, mlangoni, mkono mmoja uko kwenye kitasa.

Mlango ule wa mbao ulikuwa umevimba kwa mvua. Kila masika unavimba, ukiwa ndani unauvuta kwa mikono miwili. Kwa nje ukisukuma kwa bega unafunguka. Jirani wa nyumba ya pili, yule mpaka rangi, ndiye aliyeona moshi ukitoka chini ya bati, akaruka ukuta, akausukuma. Ulifunguka mara moja, Baba Mdogo. Ila alikuwa amechelewa.

Basi hapo ndipo alipokuwa Mama. Alikuwa ndani ya nyumba hiyohiyo, milango miwili imefungwa kati yake na mumewe, mvua inapiga bati, cherehani inanguruma. Kengele ililia kwenye chumba kile peke yake mpaka ikayeyuka. Mzimamoto alimwambia Mama kwamba hakuna masikio ambayo yangesikia. Mama alimshukuru, akamkaribisha chai, wala hakumwamini.

Ni mzimamoto huyo aliyetuambia kuhusu kengele za kuunganishwa. Moja ikinusa moshi, zinalia zote, nyumba nzima. Nilitaka tununue wiki ileile. Mama akakataa katakata. Alisema sasa zimlilie nani. Sikubishana naye.

Kilichombadilisha ni Kitindamimba. Alirudi nyumbani, na ujauzito ukamtia usingizi wa mchana, akiweka kichwa tu amekwenda. Siku moja nilimkuta Mama amesimama mlangoni kwake, sare ya mtu mkononi, anamtazama tumbo kama linapanda na kushuka. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. Akanigeukia akaniambia kwa sauti ya chini twende dukani kesho.

Tulikwenda na fundi umeme, yule mrefu anayeinama kwenye kila mlango, hata ule usiomgusa kichwa. Kumbe ziko za namna nyingi. Ziko zinazounganishwa kwa nyaya zinazopita darini, na ziko zinazoitana hewani kama redio. Fundi alisema kwa nyumba yetu, yenye dari kuukuu, tukianza kupitisha nyaya tutaangusha nusu ya dari, kwa hiyo tuchukue za kuitana hewani. Alituonya pia tusichanganye, moja ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile, kwani hazitajuana, kila moja italia kivyake. Mama aliposikia "kivyake" alikwenda kusimama nje ya duka. Tulimwacha kidogo, kisha akarudi, akauliza betri inadumu muda gani. Fundi akamwambia hizi betri yake imefungwa humohumo, inafika miaka kumi, halafu kengele nzima inabadilishwa. Mama akasema miaka kumi ni mingi, hana hakika kama naye anayo. Fundi akamjibu kwamba kengele zina dhamana, binadamu ndiye hajapewa. Mama akacheka. Ni kicheko kifupi, lakini nilikuwa sijakisikia tangu mazishi, nikageuka nijifanye natazama balbu.

Jikoni hatukuweka ya moshi. Huko inafungwa ya kuhisi joto, la sivyo kila kitunguu kikiungua nyumba nzima inakimbilia barabarani. Vyumba vya kulala kila kimoja kikapata yake, korido ikapata, chumba cha mbele kikapata. Fundi alizifunga katikati ya dari, mbali na pembe, kwani kwenye pembe moshi unachelewa kufika, na mbali na feni inayoupeperusha.

Akadhani amemaliza. Mama akamwambia bado chumba cha nyuma. Fundi akanitazama, mimi nikatazama chini. Chumba kile hakina kitu, Baba Mdogo. Tumekisafisha, tumepaka rangi, lakini harufu inarudi hewa ikiwa nzito. Fundi akamwambia kwa upole kwamba chumba hakina mtu wala umeme. Mama akamjibu, "Nakijua hicho chumba. Funga."

Akafunga. Ikabaki kuzijaribu, maana hazihesabiwi zimekamilika mpaka zisikike. Fundi alitaka abonyeze ya korido, iliyo karibu. Mama akakataa, akamtaka aende chumba cha nyuma afunge mlango, abonyeze ile. Kisha akafunga na mlango wa chumba cha mbele, akaketi kwenye cherehani, akaanza kushona. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake. Sindano haikuwa na uzi, alikuwa anakanyaga tu.

Kengele ya juu ya kichwa chake ililia. Na ya korido, na za vyumbani, zote kwa pamoja. Kitindamimba alitoka chumbani ameziba masikio. Mama hakuziba. Aliinuka papo hapo, kiti kikaanguka, akapita korido karibu anakimbia, na miguu yake ile mibovu unayoijua, akausukuma mlango wa nyuma kwa bega. Ukafunguka. Fundi alikuwa juu ya ngazi, kidole bado kiko kwenye kitufe.

Zikanyamaza. Mama alisimama pale ameshika mlango, anatweta. Akasema, "Ningesikia."

Fundi alishuka, akaanza kuokota skrubu ambazo hazikuwa zimeanguka.

Mama akarudi mbele, akainua kiti, akaketi. Akamwomba fundi arudie. Fundi akarudia. Mama akainuka tena, akapita korido, akasukuma mlango. Akarudi, akaomba tena. Niliogopa moyo wake, nikataka kumzuia, Kitindamimba akanishika mkono, akanivuta pembeni. Tulimwacha aende na arudi mpaka miguu ikakataa. Mwisho aliketi sakafuni, kwenye kile kizingiti, ndipo akalia. Siku ya mazishi hakulia, ulijua? Alilia siku hiyo, mchana kweupe, na fundi umeme amekaa karibu yake kofia mkononi kama mtu wa nyumbani.

Fundi alituagiza tuzijaribu kila mwezi, tusizipake rangi, tusiziache zikajaa vumbi. Mama huzijaribu kila Jumapili. Majirani wameshazoea.

Sikuandikii ili ujilaumu. Ulichomuuliza alikuwa ameshajiuliza kabla yako, na anajiuliza hata leo. Nilitaka tu ujue jibu lake lilivyo.

Jana nilimwambia kwamba nakuandikia. Alishona sare mpaka pindo likaisha. Kisha akaniambia nimwite yule jirani mpaka rangi amsaidie kuingiza kitanda chumba cha nyuma, kile cha chuma. Leo ameshakitandika, shuka ni zile za maua. Na mlango seremala ameshaupunguza chini, haukwami tena. Nilipomuuliza kitanda ni cha nani, alinipa jibu, nami naliandika kama alivyolisema: "Mwambie shemeji mguu ukipona aje. Atalala pale. Nitamsikia."

Msalimie sana Mama Mdogo na wadogo zangu wote, hasa yule mtundu aliyekuchora plasta. Kitindamimba anakupa shikamoo na anaomba umfikirie jina la mtoto. Mwenyezi Mungu akuimarishe huo mguu, akupe safari njema, akufikishe mlangoni kwetu salama.

Ni mimi binti yako nikupendaye,
Kifungua Mimba