Aliyemchekesha Mama Yako Sinemani

Rukia, shoga yangu,

Leo nakuja na mashtaka kabla ya salamu. Jumapili nimemsikia mama yako akicheka, na badala ya kumshukuru Mungu, roho iliniuma mpaka chakula hakikupita.

Tangu uzikwe, mama hakuwa akitoka. Mimi ndiye niliyekuwa nikienda kumchana nywele na kumpikia vibibi. Hata kumwigia jirani yenu anavyopiga chafya nimemwigia, ujue nilivyojidhalilisha. Anitazama tu. "Ahsante, mwanangu Mwanaidi." Basi.

Jumapili nikamshika mkono. "Mama, twende sinema ya wanawake, japo ukakae tu." Siku hizi wenye jamaa zao Uarabuni wana vidio sebuleni, lakini ile ya alasiri bado yajaa mabuibui, watoto na harufu ya bajia. Tukakaa palepale petu. Kwenye kiti chako mama aliweka mkoba wake.

Filamu yenyewe, Rukia, upuuzi mtupu. Mzuka wa Kizungu anatoka kaburini, suruali yamdondoka. Anamwinamia bibi harusi amnyonye damu, anapiga chafya, meno yaruka yaangukia kwenye mchuzi. Kisha anajamba hadi mishumaa inazimika! Bi mkubwa mmoja mbele yetu akasema "Astaghfirullah," akafunika uso, lakini vidole kaviachia nafasi. Wengine waliinuka wakisema huu ni uchafu, wakafika mlangoni, wakasimama papo hapo kutazama mpaka mwisho. Wasichana walipanda juu ya viti. Watoto walilia, wakacheka, wakalia tena.

Lakini kila mzuka aliponyamaza, ukumbi nao ulinyamaza. Walikuwa wakikungoja wewe. Kiingereza chao hatukijui. Maneno ya filamu zote ulikuwa ukitutilia wewe.

Nikasimama mimi. "Vaa suruali, mwanaharamu, hapa pana wazee!" Alicheka mmoja, naye nadhani alipaliwa na bajia.

Mara sauti ikatoka nyuma: "Wewe mzimu! Enda choo kwanza, halafu ukuje utuogopeshe!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walipigana mapaja. Na mama yako... alianza kwa mabega, nikadhani analia. Kisha ikaja sauti. Akajiziba mdomo kwa leso na sauti isizibike, machozi yakimtiririka, akinishika goti. Alicheka kama wewe. Sikuwa nimejua kwamba kicheko chako ulikitoa kwake.

Nikageuka kumtafuta mwenye maneno. Ni Sista Njeri, yule nesi wa wodi uliyolazwa, wa kutoka bara! Kiswahili kile, Rukia! Mimi mzaliwa wa Malindi, babu na bibi wa Malindi, nimeshindwa na "ukuje"?

Filamu ilipokwisha nikamngoja nje. "Nani kakufundisha kusema na filamu?"

"Si ni Rukia," akasema, hana habari. "Huko wodini. Nikiwa zamu alikuwa ananihadithia filamu moja moja, mpaka wagonjwa wengine wanashika tumbo."

Nilihisi kama nimepigwa kofi. Mimi nilikuwa nikija kila siku. Nakaa miguuni pako, nakukanda nyayo, wewe wafumba macho. Hukunipa hata mzaha mmoja. Mmoja tu, Rukia!

"Mwongo wewe," nikamwambia mbele za watu.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonizidisha. Akasema polepole, "Ukikaribia kuja alikuwa anatuambia, 'Haya nyamazeni, Mwanaidi yuwaja. Yule sina haja ya kumchekesha. Akikaa hapo miguuni, ndipo nalala.'"

Mama yako akapita kati yetu, akamshika Sista mkono. "Mwanangu, njoo nyumbani unywe chai." Mwanangu! Na chai alipika mwenyewe, ya tangawizi, hata mimi alikuwa hajanipikia tangu uondoke. Nilikunywa nimenuna kama mtoto, nikiwasikia wakizihadithia filamu zako, nyingine ambazo mimi na wewe tulizitazama pamoja. Mara mbili nilimsahihisha Sista. Mara ya tatu nikacheka, nikajichukia.

Maneno yale nimeyageuza huku na huku. Ni matamu, sikatai. Lakini kwa nini niyasikie kwa mtu mwingine? Ungenifumbulia macho siku moja tu ukaniambia wewe mwenyewe.

Mungu akulaze pema, shoga yangu, na akupanulie makao yako. Mimi nakuahidi hivi: Jumapili nitampeleka mama tena, na Sista atakaa upande wake wa pili. Nimekubali, kwa sababu jana mama alikula sahani nzima ya wali. Kicheko chake kikija, sitauliza nani kakileta.

Ila hitima yako nitaipika mimi. Sista aje, akae mkekani, ale ashibe. Jikoni asitie mguu.

Ni mimi wako,
Mwanaidi