Nyumba Nne za Njia ya Kanisani

Pellingford,
9 Septemba 1962

Kaka yangu Cyril,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Adelaide, pamoja na wifi Dulcie na watoto. Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanitesa kila inaponyesha, na mvua ya kwetu unaijua.

Umeniuliza mbona nimekaa kimya tangu Machi. Kulikuwa na vita hapa.

Bwana Rudge alikwishanunua nyumba tatu kati ya zile nne, akabakiza yetu. Alitaka kuzibomoa zote ajenge kituo cha petroli. Kwenye mkutano wa kijiji alitwambia kwamba watu wa mjini wanatupita na magari yao kwa sababu hatuna cha kuwasimamisha. Nikamwuliza, na kanisa la miaka mia saba je? Na msalaba wa mawe pale sokoni? Akacheka. Wenzangu wakainamisha vichwa, wengi ni wapangaji wake.

Juni akaja na mafundi, aanzie kwa Bi Maud Petty, mjane wa mhunzi, jirani yetu wa ukuta mmoja. Walimkuta mlangoni anamenya viazi. Rudge akamwambia atoke, hilo ni gofu tu.

“Gofu niite mimi, nina miaka themanini na mitatu,” Bi Maud akamjibu. “Nyumba hii imenizidi mia tatu na inasimama bila mkongojo. Haya, nipishe, unanizibia mwanga.”

Nikatoa kiti changu nikakaa kando yake. Mpeleka barua akaegesha baiskeli, akakaa chini. Mke wa kasisi akaja na birika la chai. Kufika saa nne tulikuwa kumi na mmoja. Msimamizi wa mafundi akavua kofia, akasema yeye hapigi nyundo juu ya vichwa vya bibi za watu, kisha akaomba chai.

Rudge akafoka kwamba karatasi yako, Cyril, iko njiani, ikifika tu atabomoa yetu kwanza. Wote wakanigeukia. Mimi nikamjazia Bi Maud kikombe.

Mwezi uliopita serikali ilitoa amri: nyumba zote nne, kwa kuwa ni za kale, hazibomolewi, si na Rudge wala na mwingine.

Sasa sikia, Cyril. Karatasi yako ya kukubali kuuza ilinifikia Machi. Niliisoma nimesimama jikoni, nikaitia motoni. Wakili alipoiuliza nikamwambia bado haijafika. Ningekueleza mapema ungetuma nyingine, ndiyo maana nikanyamaza. Nilimdanganya yeye, na wewe nikakuficha, na sitakuomba radhi. Mama alifia chumba kile cha juu akinishika mkono, wewe ukiwa ng'ambo. Nyumba ile haiuzwi kwa sahihi ya dakika moja.

Wasalimie wote nyumbani. Bi Maud anakusalimu sana, anauliza kama siku hizi unavaa soksi.

Nusu yako ya nyumba ipo, sijaigusa. Njoo uikae, au nishtaki. Anwani yangu haijabadilika, na haitabadilika.

Ni mimi dada yako,
Enid