Kopi ya Sauti ya Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimerudi mahakamani. Si niliapa sitakanyaga tena pale? Nimekanyaga.

Benchi la masjala ni lilelile, mguu umefungwa waya. Nimekwenda kuomba kopi ya sauti ya kesi ya mama na mdogo wake, yaani mjomba, ile ya nyumba ya babu. Siku mama alipotoa ushahidi walirekodi. Ana mwaka na miezi miwili kaburini, na mimi sina hata neno lake moja nililohifadhi. Hakupenda kutuma ujumbe wa sauti, alisema ni kuongea na ukuta. Juzi nilijaribu kukumbuka alivyokuwa akiniita kutoka jikoni. Maneno yalikuja. Sauti haikuja! Nililia mguu ukiwa bado kwenye cherehani.

Karani ni mzee mwembamba, kila jibu lake linaishia kwenye stakabadhi. Nimembatiza Bwana Stakabadhi. Akanionyesha bei zilizobandikwa ukutani. Maandishi ya kwenye kompyuta wanatoza kwa ukurasa. Nikamuuliza, karatasi hamtoi, wino hamtumii, huo ukurasa unatoka wapi? Akasema ukurasa ni ukurasa. Sauti wanatoza kwa saa, na huuziwi kipande, unabeba siku nzima. Saa tano. Mama alitoa ushahidi dakika arobaini tu! Mimi nashona mapazia. Mteja wa dirisha moja simlazimishi anunue ya nyumba nzima.

Bei yao ni mapazia manne ya sebuleni. Haya. Nitashona.

Alhamisi, 6 Machi

Hela nimepata, nimekataliwa. Eti mimi si mhusika wa kesi. Wahusika walikuwa wawili: mama, na mjomba. Ama nilete barua ya usimamizi wa mirathi, ambayo itachukua miezi sita, ama nilete sahihi ya mhusika aliye hai. Na sauti hufutwa baada ya miaka mitano. Ya mama inafutwa tarehe 31 mwezi huu.

Bwana Stakabadhi alinipa fomu na kusema pole, mama. Upole wake ndio ulioniudhi zaidi.

Sahihi ya mjomba. Afadhali wangeniomba figo.

Jumapili, 9 Machi

Sijaenda. Nimefua, nimepiga pasi, nimepanga vifungo kwa rangi. Fomu iko juu ya cherehani inanitazama.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda.

Nyumba ya babu, aliyoipata mjomba kwa kumshinda mama, imechakaa. Nilidhani nitakuta marumaru! Bati la sebuleni limetoboka, ameweka ndoo. Amezeeka pia. Amebaki mifupa na masikio.

Mara ya mwisho tulionana mlangoni mwa wodi. Alikuja na thamosi ya uji. Nilimwambia arudi nayo, mama hataki kumwona. Mama alikuwa amelala. Sikumuuliza.

Leo nilikataa kuketi. Nikampa fomu. Akaisoma taratibu, kidole kikifuata mstari.

"Unataka kukata rufaa?"

"Nataka sauti ya mama. Basi."

Akatafuta kalamu kila mfuko, akasaini. Kisha akauliza, hata hakunitazama, "Ukiipata, mwanangu, na mimi utanisikilizisha?"

Nikamjibu kwamba yeye alimsikia siku ile dakika arobaini nzima, bila kulipa.

Nilijiona nimemweza. Njia nzima nilikuwa nalirudia jibu lile kichwani, nalifurahia.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelipa. Flashi yangu wameikataa, eti ina virusi, lazima ninunue yao. Nikamwambia Bwana Stakabadhi flashi yangu haijawahi hata kukohoa. Akacheka! Ana meno mazuri. Akasema nije Jumanne. Na stakabadhi.

Jumanne, 18 Machi

Ninayo.

Nimefunga duka mapema, nikageuza ufunguo mara mbili. Nimeazima kompyuta ya jirani, nikavaa spika za masikioni. Viti vinaburuzwa. Mtu anakohoa. Mama anaitwa.

Na halafu — hakuna. Kipaza sauti kilikuwa mezani kwa hakimu. Mama aliongea chinichini, kama siku zote mbele ya watu. Ninachosikia ni mnong'ono, mbali, kisha hakimu anarudia kila jibu kwa sauti huku akiliandika. "Mimi ni mjane." Kalamu inakwaruza. "Nina mtoto mmoja. Wa kike." Kalamu. "Mimi ndiye niliyemuuguza baba."

Dakika arobaini za mwanaume mwenye mafua akisema yeye ni mama yangu.

Nimerudisha, nimeongeza sauti, nimerudisha tena. Hakuna. Nimelipia mapazia manne ya hakimu. Nilitaka kucheka, kikaja kilio, kikakaa.

Jumatano, 19 Machi

Nimesema hela yangu haiendi bure, nasikiliza zote tano. Nilikuwa napinda mapindo ya pazia la mteja huku nasikiliza. Mpimaji ardhi. Mjomba. Wakili wake, anayejipenda. Kisha hakimu akaahirisha kwa nusu saa, miguu ikatoka nje, na aliyerekodi akasahau kuzima.

Feni tu. Muda mrefu. Halafu mtu akaja kukaa karibu na meza, benchi likalia.

"We. Umekunywa dawa?"

Mama! Mama yangu, wazi, kana kwamba yuko nyuma ya mgongo wangu. Sindano ilinichoma na sikusikia.

"Bado, dada. Nimeisahau nyumbani." Mjomba.

"Kila siku kusahau. Shika yangu, si ni ileile ya presha? Meza nusu. Ukimeza nzima utamsinzilia hakimu."

Wakacheka. Wote wawili! Wanashtakiana, na wanagawana kidonge! Chupa ya maji ikafunguliwa. Mjomba akasema, "Dada, tungemalizana nyumbani haya." Mama akajibu: "Mimi ningekubali hata jana. Ni yule mtoto. Amenipigania mno, nitaanzaje kumwambia nimechoka? Na hili la dawa usimwambie. Atanuna wiki nzima."

Nakumbuka nusu saa ile. Nilikuwa nje, uani, nampigia wakili simu, namwambia asilegeze.

Nitanuna wiki nzima. Alinijua.

Siandiki zaidi leo.

Ijumaa, 21 Machi

Sijashona. Nawaza thamosi ile. Ilikuwa ya bluu, kifuniko kimefungwa mpira ili uji usimwagike. Alitembea nayo kutoka stendi mpaka wodini, na kurudi.

Siku tatu baadaye mama alikufa. Kabla ya hapo aliniuliza mara mbili, hakuna mtu aliyekuja? Nilimwambia hakuna.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika nikiwa sebuleni kwa mjomba. Daftari lilikuwa mkobani, na mikono yangu inahitaji kazi.

Nilipiga hodi saa nne. Alifungua, akaiona kompyuta kwapani. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima. Nikasema tu, "Shikamoo, mjomba. Nimemleta." Akaitikia marahaba, akashika fremu ya mlango.

Nimeweka kompyuta mezani, kando ya ndoo. Nimeitafuta dakika ile, nimesimamisha pale feni inapoanza. Nikamwambia tayari. Akasema nisubiri kidogo, akaingia chumbani. Nilidhani anatafuta miwani — miwani ya nini, sauti inaonekana? Nasikia kabati linafunguliwa.

Sijamwambia habari ya wodini, kwamba mama aliuliza. Hilo halimo kwenye flashi. Hakuna karani atakayemuuzia. Ninalo mimi tu.

Ametoka. Amevaa koti. Lile la kijivu, alilovaa mahakamani, sasa linamning'inia. Amechana na nywele. Ameketi, mikono magotini, ananitazama kama anayesubiri kuitwa jina.

"Haya, mwanangu. Weka."

Kidole kiko kwenye kitufe. Nianze na mama, au nianze na mimi —